Kutoka stoo ya dawa hadi kuuza mifumo: mwongozo kwa mwanamke anayebadili kazi

Nilikuwa fundi dawa sanifu kwa miaka 11, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilisimamia stoo ya duka la jumla Kariakoo. Leo nauza mfumo wa stoki kwa maduka ya dawa ya Dar es Salaam na Pwani. Wanawake wanaonipigia kuniuliza nilianzaje karibu wote hufungua na swali moja: "Dada, nisome lugha gani ya programu?" Hilo ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni hili: kero gani unaijua kwa undani kiasi kwamba kijana aliyemaliza chuo cha kompyuta jana hakuwezi, hata akikesha na laptopu yake?

Nimezipanga hatua kama nilivyozipitia. Pale nilipokosea mpangilio nimeuweka ulivyopaswa kuwa. Mifano ni ya dawa kwa sababu ndiyo ninayoijua, na taratibu za serikali ni za Tanzania. Kama wewe ulikuwa mhasibu wa SACCOS, muuguzi, mwalimu au karani wa bandarini, weka kazi yako hapo penye dawa.

Hatua ya 1: Barua ya kuacha kazi ibaki kwenye droo

Soma kwanza mkataba wako wa ajira, hasa sehemu inayotaja kazi za nje na mali ya mwajiri. Usitumie laptopu ya ofisi, usichukue faili wala orodha ya wateja wa ofisi. Ujuzi wa kichwani ni wako, ila karatasi si zako. Siku ya kuondoka ikifika, anayelipwa kwa mwezi hutakiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kutoa notisi isiyopungua siku 28. Na usijipe moyo kwamba NSSF watakushika mkono katikati: fao la kukosa ajira halikuwekwa kwa ajili ya aliyejiuzulu mwenyewe.

Halafu hesabu pesa. Mimi nilitunza matumizi ya miezi sita, yakaisha mwezi wa nne. Nilihesabu kodi ya nyumba, chakula na ada ya mtoto, nikasahau bando, nauli za kuzungukia wateja, na michango. Harusi na misiba haijui kwamba umeacha kazi. Kama unacheza mchezo na wenzako, panga kuondoka kazini baada ya zamu yako, siyo kabla.

Miezi minane ya mwanzo nilisoma kuanzia saa 10 alfajiri mpaka saa 12, mtoto akiwa amelala. Jioni nilijaribu mara kadhaa nikaona najidanganya, maana jioni ya mama haina mwenyewe.

Hatua ya 2: Kaa nyuma ya kaunta

Hii ndiyo hatua watu huiruka, na ndiyo iliyonilisha mpaka leo.

Mama mmoja mwenye duka la dawa muhimu Mbagala aliniruhusu kukaa kwake siku tatu, juu ya kreti la soda, nyuma ya kaunta. Nilidhani naujua mchezo wote wa dawa. Kumbe nilikuwa najua stoo, ambako kila kitu kinatoka kwa boksi na katoni. Mteja wa kwanza asubuhi ile alisema, "Nipe Panadol nne." Dada muuzaji akachukua stripi, akakata kwa mkasi vidonge vinne, akafunga kwenye karatasi, akaandika kwenye daftari: *P 4 – 400*. Akasogeza vilivyobaki kwenye kopo la plastiki lenye vipande vya stripi vya jana na juzi.

Nikatazama kile kikopo. Pale ndipo mfumo wa kigeni niliowahi kuuona kwenye famasia moja kubwa ulipokwama: ulijua boksi tu. Hapa kidonge kimoja kinauzwa 100, stripi ya kumi 800, boksi la stripi kumi 7,000. Bei haipatikani kwa kuzidisha. Na kile kikopo hakimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Mchana akaja baba mwenye cheti cha dozi ya 4,000, mfukoni ana 1,500. Muuzaji hakumkatia nusu dozi, na kwa antibayotiki alifanya la maana. Alimpa yote, akageuza daftari nyuma akaandika jina la mtoto wake wa kwanza, *Baba fulani 2,500*. Kurasa za nyuma zilikuwa zimejaa majina. Duka lile lilikuwa linakopesha mtaa mzima na mwenye duka hajui jumla ni kiasi gani.

Kwa hiyo nenda ukakae. Andika kila kitu muuzaji anachoandika, kila anachofupisha, na zaidi ya yote kila asichoandika. Omba ruhusa upige picha kurasa chache za daftari, ukifunika majina. Usiulize "ungependa mfumo ufanye nini?", maana utajibiwa orodha ndefu ya kukufurahisha. Uliza, "Mara ya mwisho hesabu ilipokataa kufunga, ilikuwaje?"

Utagundua pia kwamba anayelipa na anayetumia ni watu wawili wenye hofu mbili. Mwenye duka anaogopa wizi na dawa kuisha muda rafuni. Muuzaji anaogopa kwamba umemletea askari. Muuzaji akikichukia chombo chako, kitakufa kimya kimya: leo chaji imeisha, kesho mtandao haukuwepo, keshokutwa "nilisahau namba ya siri". Mimi niliuza kwa muuzaji kwanza. Hesabu ya kufunga duka iliyokuwa inamchukua karibu saa nzima ikawa dakika chache, na siku stoki ikipungua ana ushahidi kwamba si yeye.

Kabla hujajenga chochote, omba pesa. Nilizungukia maduka 14 na karatasi nne zenye michoro ya skrini niliyoichora kwa kalamu. Karibu wote walisema wazo ni zuri. Waliotoa advansi ya 20,000 walikuwa watatu. Hao watatu ndio soko, wale kumi na mmoja walikuwa na adabu tu.

Hatua ya 3: Jifunze kiasi cha kujenga kitu kimoja

Anza na Excel. Sitanii. Jenga stoki ya duka moja kwenye majedwali: bidhaa, manunuzi, mauzo. Ukiweza kulifanya duka lile lifunge hesabu kwa mwezi mzima kwa Excel, umeshaelewa nusu ya hifadhidata bila kujua. Ukishindwa, hakuna lugha ya programu itakayokuokoa, maana tatizo halikuwa lugha.

Kisha fuata njia moja. Mimi nilipita hivi: Python kwa misingi, SQL kwa kutunza taarifa, halafu Flutter kwa programu ya simu, kwa sababu wateja wangu wana simu za Android za bei nafuu na hawana kompyuta kaunta. Mafunzo ya bure yapo mengi na mazuri, yakiwemo CS50 ya chuo kikuu cha Harvard na freeCodeCamp. Shida yangu ilikuwa Kiingereza cha haraka haraka, nikawa na daftari la maneno: kila neno jipya, maana yake kwa Kiswahili changu, na mfano wa dukani. Kigezo kinachobadilika (variable) nilikiandika "kikopo chenye lebo". Hakuna aliyenifundisha hivyo, lakini sikusahau tena.

Siku hizi kuna akili mnemba zinazokuandikia programu ukiomba. Zitumie, zinafupisha safari. Ila usimpelekee mteja mstari ambao huwezi kumweleza mtu unafanya nini, kwa sababu saa 3 usiku duka likikwama atapigiwa simu mtu, na mtu huyo ni wewe.

Na kama kujenga mwenyewe si njia yako, ajiri kijana akujengee. Wapo wanaofanya hivyo wakafanikiwa. Sharti ni moja tu: akaunti ya seva (kompyuta ya mtandaoni inayotunza taarifa zote), jina la tovuti na hifadhi ya programu kule GitHub vifunguliwe kwa barua pepe yako, naye umpe ruhusa ya kuingia. Mlipe kwa hatua zilizokamilika. Namfahamu dada aliyelipa yote mwanzoni, fundi akahamia mkoa mwingine na nywila zote kichwani mwake.

Hatua ya 4: Toleo la kwanza liwe dogo, msingi uwe wa zege

Toleo langu la kwanza lilikuwa na skrini tatu: ingiza mzigo, uza, funga siku. Hakukuwa na rangi za kupendeza wala michoro ya takwimu. Skrini unaweza kuziongeza hata mwaka ujao. Namna unavyotunza taarifa ndiyo ngumu kubadili baadaye, hivyo nitakaa hapa kidogo.

Tunza stoki kwa kipimo kidogo kabisa kinachouzwa. Kwangu ni kidonge, kwa wewe wa vifaa vya ujenzi labda ni kilo ya misumari. Boksi liwe ni jina tu la vidonge 100. Bei iwe na jedwali lake, kila kipimo na bei yake, kwa sababu ya ile stripi ya 800. Pesa itunze kwa namba kamili za shilingi. Namba za desimali kwenye kompyuta zina tabia yake: jumlisha 0.1 na 0.2 kwenye Python uone isivyotoka 0.3 kamili.

Usitunze salio, yaani idadi iliyobaki. Tunza kila kilichoingia na kila kilichotoka, salio lihesabiwe kutoka humo. Faida yake utaiona duka likiwa na wauzaji wawili wenye simu mbili na mtandao umekatika. Ukiwa na salio, simu ya pili itaifuta kazi ya simu ya kwanza. Ukiwa na orodha ya maingizo, mtandao ukirudi unaunganisha tu. Kila ingizo lipewe namba yake ya kipekee kwenye simu yenyewe, ili likitumwa mara mbili seva ilitambue na kuliacha. Mimi nilijifunza hili baada ya duka moja kuonekana limeuza dawa za malaria mara mbili ya zilizonunuliwa.

Dawa lazima ziende kwa bechi (dawa zilizotengenezwa pamoja), kila bechi na tarehe yake ya kuisha, na mfumo upendekeze inayoisha mapema itoke mapema. Stoo tulikuwa tunafanya hivyo kwa macho. Kuliweka kwenye programu kulinichukua wiki tatu, na ndiyo sababu kubwa ya watu kununua.

Sasa niwaambie aibu yangu. Mwezi wa pili mwenye duka mmoja alipandisha bei ya dawa ya kikohozi. Jioni akanipigia: "Mwanangu, mfumo wako unasema mwezi uliopita nilipata faida ambayo sikuipata." Nilikwenda na daladala mbili, nikakaa, nikafungua. Kwenye jedwali la mauzo nilikuwa nimeandika bidhaa na idadi tu, bei ikisomwa kutoka kwenye orodha ya bidhaa. Alipobadili bei leo, mauzo yote ya nyuma yakajihesabu upya kwa bei mpya. Mhasibu yeyote angeliona kosa hilo kwa jicho moja. Risiti ya jana haibadiliki kwa sababu bei imepanda leo. Bei ya kuuzia na ya kununulia iandikwe ndani ya kila mstari wa mauzo, siku ile ile, na isiguswe tena. Nilirekebisha kwa kupitia madaftari yake ya karatasi, usiku mbili, bila malipo.

Kimoja kidogo kuhusu saa. Simu inafunga siku saa 6 usiku, lakini duka la karibu na stendi linauza mpaka saa 8 usiku na kwa muuzaji ile bado ni "leo". Nikaweka siku ya duka ianze saa 12 asubuhi, na ripoti ziandike saa kwa Kiswahili. Malalamiko ya "mauzo yangu ya jana yamehamia leo" yakaisha.

Na yote haya yafanye kazi bila intaneti. Umeme unakatika, bando linaisha. Simu itunze kila kitu ndani, itume mtandao ukipatikana. Usipofanya hivyo umeuza daftari linalofunguka siku za jua tu.

Hatua ya 5: Bei, na namna ya kudai bila kugombana

Kuuza mara moja kwa pesa nyingi kunavutia, hasa kodi ya nyumba ikiwa imekaribia. Nilimuuzia hivyo mteja mmoja. Alilipa 600,000, na kwa miaka miwili akanipigia kila wiki kwa huduma ambayo hailipiwi. Ada ya mwezi ndiyo inayokufanya uamke asubuhi ukijua kuna kitu. Mimi natoza 30,000 kwa duka, anayelipa mwaka mzima analipa miezi 10. Kufunga mfumo na kuingiza bidhaa za mwanzo natoza kando, kwa sababu kuhesabu stoki ya duka zima ni kazi ya siku mbili za kupanda ngazi na kupiga chafya.

Ukipanga bei usijilinganishe na mshahara wako wa zamani. Linganisha na hasara anayoiona mteja. Boksi moja la dawa ya bei ya juu likiisha muda rafuni, ni zaidi ya ada yangu ya mwezi. Mwonyeshe hilo boksi, mshikishe mkononi.

Kudai ni ufundi. Nilianza kwa kudai tarehe 1 kwa wote, kama kampuni za king'amuzi. Wengi walichelewa. Nikaja kuona kwamba kila duka lina siku yake ya kwenda Kariakoo kununua mzigo, na siku moja kabla ya hapo pesa ziko droo. Nikahamisha tarehe ya kila mteja kwenda siku hiyo. Ujumbe unaingia jioni yake, wenye jina, kiasi na lipa namba. Sijaongeza ukali wowote, lakini wanaochelewa wamebaki wachache.

Asiyelipa je? Ninafunga ripoti, sifungi mauzo. Muuzaji anaendelea kuuza, mwenye duka ndiye asiyeona faida yake mpaka alipe. Duka la dawa huwezi kulizima saa 4 usiku kwa sababu ya 30,000 wakati mtoto wa mtu ana homa. Isitoshe, ukizima mauzo wanarudi kwenye daftari, na aliyerudi kwenye daftari wiki mbili hatoki tena.

Lipa namba ya biashara itenge na simu yako binafsi tangu mteja wa kwanza. Wateja wakizidi makumi, tafuta kampuni ya kuunganisha malipo kama Selcom au AzamPay ili malipo yajioanishe na mteja yenyewe. Kabla ya hapo daftari na jicho vinatosha.

Hatua ya 6: Usajili

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu hofu ni kubwa kuliko kazi. Kila kitu kinaanza na namba ya NIDA. TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa na TRA bila malipo, anayekuuzia TIN anakuuzia hewa. BRELA, wakala wa kusajili biashara na kampuni, unaingia mwenyewe kwenye mfumo wao wa mtandaoni wa usajili.

Uamuzi wenyewe ni jina la biashara au kampuni. Jina la biashara ni rahisi na la bei ndogo, ila kisheria wewe na biashara ni mtu mmoja: deni la biashara ni deni lako. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, lakini huyo mtu ana mahitaji: katiba, ritani (taarifa) za kila mwaka BRELA, na hesabu zilizokaguliwa. Nilianza na jina la biashara, nikafungua kampuni siku hospitali ya kwanza ilipotaka mkataba. Ningerudi nyuma ningefanya vivyo hivyo.

Leseni za biashara ziko madaraja mawili, A inatolewa na BRELA na B na halmashauri yako, ambayo unaiomba kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Uliza huduma yako iko daraja gani kabla ya kulipa popote.

Kodi ya mapato hulipwa kwa makadirio katika awamu nne, na kwa anayefuata mwaka wa kalenda ni Machi, Juni, Septemba na Desemba. Weka tarehe hizo kwenye simu. Tenga pesa ya kodi kila unapolipwa, kwenye akaunti usiyoigusa. Ukihudumia taasisi kubwa, watakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada yako. Usinung'unike, dai hati ya zuio, kwa sababu ile ni kodi yako iliyokwisha kulipwa na utaitoa kwenye hesabu za mwisho. Mwaka wangu wa kwanza sikujua, nikapoteza hati mbili. VAT haitakusumbua mapema: mwaka 2023 kiwango cha mauzo cha kulazimika kusajiliwa kilipandishwa hadi shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mlipe mhasibu kwa saa mbili tu za maswali mwanzoni.

Hatua ya 7: Mkataba na taarifa za watu

Mkataba wangu ni kurasa mbili, kwa Kiswahili, na kila mteja anausoma mbele yangu. Unasema mteja ananunua haki ya kutumia mfumo, programu inabaki yangu. Taarifa za duka ni zake na akiondoka napaswa kumkabidhi kwenye faili analoweza kulifungua. Sentensi hiyo ya mwisho imeniletea wateja wengi kuliko tangazo lolote. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi.

Kitu kizito zaidi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ukikusanya au kuchakata taarifa za watu unatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya ni taarifa nyeti. Jina la mdaiwa pamoja na dawa aliyochukua, tayari umo humo. Mimi niliamua madeni yaandikwe jina na kiasi tu, bila dawa. Usichokitunza hakiwezi kukuvujia. Jua pia seva yako iko nchi gani, sheria inagusa taarifa zinazovuka mpaka.

Nakala rudufu ifanyike kila usiku, na mara moja kwa mwezi jaribu kuirejesha kwenye simu tupu. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha ni matumaini tu.

Hatua ya 8: "Fundi yuko wapi?"

Utaulizwa. Nimewahi kufika kwenye ofisi moja na kijana anayenibebea vifaa, wakampa yeye mkono na kiti, mimi wakaniomba nisubiri. Miaka ya mwanzo nilikasirika. Sasa nina desturi: kabla ya kikao natuma barua pepe yenye maswali matano kuhusu stoki yao, maswali ambayo aliyewahi kushika stoo tu ndiye anayeweza kuyauliza. Nikiingia, mtunza stoo wao anakuwa upande wangu.

Hatukuanza sisi. Mwaka 1962 huko Uingereza, Stephanie Shirley alifungua kampuni ya programu nyumbani kwake kwa mtaji wa pauni 6. Barua zake kwa wateja hazikuwa zikijibiwa mpaka alipoanza kusaini "Steve". Aliajiri wanawake walioacha kazi kwa ajili ya watoto, wafanye kazi nyumbani. Kati ya wafanyakazi wake 300 wa kwanza, wanaume walikuwa watatu.

Nyumbani nako panahitaji mkataba, japo wa mdomo. Mama yangu alidhani nimefukuzwa kazi, kwa kuwa nilikuwa nashinda ndani na kanga mbele ya laptopu. Wageni wakaja saa 4 asubuhi. Nilikwenda kukodi meza kwenye ofisi ya pamoja siku tatu kwa wiki, na heshima ikarudi kwa sababu nilikuwa natoka na mkoba. Kama uko Dar, ulizia Buni Hub, kituo cha wabunifu kilicho chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, pale Kijitonyama. Usiende kwa ajili ya mashindano ya mawazo, nenda ukutane na waliokutangulia kidogo.

Hatua ya 9: Zabuni na mikopo

Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo, na zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Jisajili mapema hata kama huna haraka. Ila usiombe kazi ya serikali mpaka uwe na pesa ya kuendesha ofisi miezi kadhaa bila malipo kuingia. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, hutolewa kwa vikundi. Inawafaa mkiwa kikundi cha kweli. Kukusanya majina ya marafiki ili upate mkopo wako binafsi ni kuwatafutia marafiki hao kesi.

Hatua ya 10: Kabidhi simu ya huduma

Ukifika maduka kama 40, simu itakula siku yako yote na hutajenga kitu kipya. Mfanyakazi wa kwanza asiwe developa. Awe mtu wa kupokea simu.

Nilimwajiri yule dada wa Mbagala aliyekata stripi kwa mkasi. Hakujua kompyuta, nikamfundisha. Nilimwandikia maswali manne ya kuuliza kabla ya kugusa chochote: unaona nini kwenye skrini, ulikuwa unauza nini, mara ya mwisho ilikubali saa ngapi, na nani mwingine anatumia hiyo simu. Wiki ya pili akaongeza la tano kwa mwandiko wake. Juzi nilimsikia chumba cha pili, mteja anafoka kwamba mfumo umemwibia stripi tatu za Panadol. Akamwacha amalize, kisha akamuuliza kwa upole: "Dada, ndani ya kikopo cha vipande umehesabu?"